Mafundi wa Usanidi wa Seva

Usanidi wa seva kwa programu ulipata msingi mwaka 1993, Mark Burgess alipoandika zana ya CFEngine katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Zilifuata Puppet ya Luke Kanies mwaka 2005 na Ansible ya Michael DeHaan mwaka 2012. Wazo ni moja: msimamizi hueleza hali anayoitaka, nayo programu hurekebisha kile tu kilichopotoka. Maelekezo yakiandikwa vizuri, kuyarudia hakubadilishi kitu.

Sifa kubwa, hata hivyo, ni ya mafundi wanaozifanya zana hizo zitii. Katika faili la YAML ambalo Ansible husoma, mstari ukisogezwa kwa kitufe cha Tab badala ya nafasi tupu, kazi nzima hukwama. Neno "no" lisipofungwa kwa alama za kunukuu, huchukuliwa kuwa kanusho, si maandishi. Fundi mzoefu hakurupuki. Huendesha kazi kwanza kwa --check na --diff aone mistari itakayobadilika kabla seva haijaguswa, kisha hujaribu kwenye seva moja, ndipo nyingine zifuate. Thamani ya kigezo ikimshangaza, huitafuta ilikotoka, kwa kuwa ile iliyotajwa kwenye amri kwa -e hushinda nyingine zote.

Moduli za Ansible, yaani vipande vya programu vinavyotekeleza kazi kwenye seva, zisipotosha, huandika yake kwa Python: ipokee vigezo, ikague hali ya seva, irudishe jibu la JSON likisema kama kuna kilichobadilika. Kwa uangalifu huo, mtu mmoja humudu mamia ya seva, na wateja hupata huduma bila kukatizwa.