Kikaragosi huharibikia begani

Chukua mchoro wa mchuma chai wa Kibugu, Kenya, kikapu mgongoni, mikono mbele. Kuugeuza kikaragosi kwenye tableti huonekana kazi ya dakika chache: piga picha, ondoa mandhari, chezesha. Shida hujitokeza mkono unapoinuliwa. Begani hubaki pengo jeupe, au mkono huondoka na kipande cha kikapu. Programu haina kosa. Kilichokuwa nyuma ya mkono hakikuwahi kuchorwa.

Dawa yake ni kumchora mchumaji vipande vipande: kichwa, kiwiliwili, kikapu, mkono wa juu, kigasha, kiganja, miguu. Kiwiliwili kichorwe kizima, hata sehemu itakayofunikwa. Ncha ya juu ya mkono iwe duara, nalo duara liingie ndani ya bega. Egemeo likiwekwa katikati ya duara hilo, mkono utazunguka upendavyo bila kufungua pengo. Likisogea pembeni kidogo tu, mkono huchomoka kila unapopanda. Kisha kuna ukoo wa vipande: kiganja kifuate kigasha, kigasha kifuate mkono wa juu, na kikapu kifuate mgongo. Hapo mchumaji akiinama, mzigo wake nao huinama.

Zana zinazofanya yote haya zenyewe zipo. Mwishoni mwa 2021 Meta ilitoa Animated Drawings, ambayo hupokea picha ya mchoro wa mtoto na kuutembeza. Hulitafuta umbo kwenye karatasi, hulitenga na mandhari, hukisia viungo vilipo, kisha hulivisha mwendo wa binadamu uliorekodiwa. Hufanya vizuri mtu akiwa amesimama wima, mikono mbali na mwili. Mchumaji wetu huitatiza, kwa kuwa mkono uliogusana na kiwiliwili huhesabiwa kuwa sehemu yake, na kikapu hugeuka kibyongo.

Ukitumia picha ya mtu badala ya mchoro, kuna mtego mwingine. Jua la Kibugu likimpiga mtu upande mmoja, kivuli hubaki kwenye mkono wake. Mkono huo ukizungushwa, kivuli huzunguka nao, na jicho la mtazamaji hugutuka kabla hajajua kwa nini. Mtu apigwe picha kivulini au siku ya mawingu, mikono ikiwa imetanuliwa. Mchoro nao usipigwe chini ya jua la utosini, maana kivuli cha tableti yenyewe huangukia karatasi na kuharibu ukataji.

Ndiyo maana uchoraji wa rangi bapa huvifaa vikaragosi. Tinga Tinga Tales, mfululizo wa hadithi za wanyama uliotengenezwa katika studio ya Homeboyz, Nairobi, na kuanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, ulijengwa juu ya mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania aliyefariki mwaka 1972. Wanyama wa mtindo huo wana mistari ya wazi, madoadoa mengi na kivuli haba. Mguu uliochorwa hivyo hauonyeshi mwanga ulitoka wapi, kwa hiyo unaweza kuugeuza utakavyo.

Sauti irekodiwe kabla ya mwendo, ili midomo ifuate maneno. Kwa Kiswahili midomo minne inatosha: uliofumba wa m, b na p, uliopanuka wa a, wa duara wa o na u, na uliochanuka kidogo wa e na i.

Ukipiga hesabu, sehemu kubwa ya kazi hii ni ya penseli, makasi na karatasi. Tangu 2016 serikali ya Kenya ilipoanza kugawa tableti katika shule za msingi za umma, kilio kimekuwa uchache wa vifaa. Katika vikaragosi uchache huo hauzuii kitu: darasa zima linaweza kuchora, kukata na kujaribu viungo kwa pini mezani, kisha kupokezana tableti moja kwa kupiga picha na kurekodi. Bega lililoshindwa kuzunguka kwenye pini halitazunguka kwenye kioo.