Fry na Drew: Nyumba Inayopumua, Kuanzia Dirishani hadi Mtaani

Maxwell Fry (1899–1987) na Jane Drew (1911–1996) walikuwa wasanifu majengo wa Uingereza waliooana mwaka 1942 na kufanya kazi pamoja Afrika Magharibi na India. Fry alisoma Liverpool, ambako mipango miji ilifundishwa bega kwa bega na usanifu. Drew alisoma katika shule ya Architectural Association, London. Kabla ya vita Fry alikuwa tayari na jina. Kati ya 1934 na 1936 alishirikiana na Mjerumani Walter Gropius, na nyumba za Fry za zege na vioo vipana zilikuwa nyumba za nchi ya baridi, ambako jua hutafutwa, na likipatikana hukaribishwa ndani.

Mwaka 1944 kazi iligeuka. Fry aliteuliwa kuwa mshauri wa mipango miji wa serikali ya kikoloni ya Uingereza katika Afrika Magharibi, na Drew akawa msaidizi wake. Eneo lao lilikuwa makoloni manne: Gambia, Sierra Leone, Gold Coast (Ghana ya leo) na Nigeria. Huko jua ndilo lililokuwa la kukimbiwa, na karibu kila walichozoea kuchora ilibidi kipinduliwe. Mwaka 1947 walitoa kitabu kidogo, *Village Housing in the Tropics*, walichokiandika pamoja na Harry Ford.

Msingi wa njia yao ni mwili wa binadamu. Mwili hupoa jasho linapokauka. Penye joto na unyevu mwingi jasho halikauki upesi, hubaki limenata mgongoni, na kinachosaidia ni upepo tu. Mkazi yeyote wa pwani anayetoa kiti barazani jioni anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Kwa hiyo swali la kwanza la msanifu si nyumba itaonekanaje, bali upepo utaingilia wapi na kutokea wapi. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakipitishi hewa vizuri hata dirisha likiwa pana namna gani. Fry na Drew walipenda jengo lenye unene wa chumba kimoja, lenye uwazi pande mbili zinazotazamana, na korido ikiwekwa nje kama veranda badala ya kupita katikati na kuziba njia ya hewa.

Swali la pili ni jua. Karibu na ikweta jua huchomoza mashariki, hupita karibu na utosi, kisha hutua magharibi. Ukuta wa kaskazini na wa kusini hukingwa kwa upenu wa kawaida tu, kwa kuwa jua la mchana liko juu. Ukuta wa mashariki na wa magharibi hupigwa na jua la asubuhi na la jioni, ambalo ni la chini na huingia chini ya upenu wowote. Ndiyo maana majengo yao mengi ni marefu na membamba, yamelazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, na ncha zake fupi zimezibwa au zina madirisha machache. Upepo na jua visipopatana, jengo hugeuzwa kidogo kutafuta nafuu ya pande zote mbili. Hapo hapana hesabu ya mkato. Panahitajika mtu aliyesimama kwenye kiwanja chenyewe.

Kazi inayoonyesha haya kwa ukamilifu ni Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, kilichoanzishwa mwaka 1948 na ambacho wao walichora ramani yake kuu pamoja na majengo mengi ya mwanzo. Maktaba yake inastahili kutazamwa kwa karibu. Ni jengo la ghorofa, refu na jembamba, na pande zake ndefu zimevikwa pazia la zege lenye matundu. Pazia hilo halibebi uzito wa jengo. Limesimama mbele ya veranda, na ukuta halisi uko nyuma yake, ndani ya kivuli. Jua linapoligonga, linalopata moto ni pazia, na upepo unaopita huuondoa moto huo kabla haujafika kwa msomaji. Anayesimama verandani huona mwanga umekatika vipandevipande sakafuni, na macho yake yamepona ule weupe mkali wa anga lenye mawingu, ambao katika nchi zenye unyevu huchosha kuliko jua lenyewe. Vitabu navyo vinahitaji hewa hiyo, kwani hewa ikituama huota ukungu.

Matundu yale hufanya kazi nne kwa mpigo: kivuli, upepo, kupunguza mng'ao na kuvunja nguvu ya mvua ya upepo. Vipande vyake vingeweza kumwagwa papo hapo kazini kwa kutumia kalibu chache zinazorudiwa, bila kungoja meli. Hilo lilikuwa jambo kubwa baada ya vita, wakati vifaa vilipokuwa haba. Shule walizojenga Gold Coast, kama Chuo cha Prempeh huko Kumasi, zilifuata mawazo hayohayo.

Mwishoni mwa 1950 wajumbe wa serikali ya jimbo la Punjab, India, walifika Ulaya kutafuta wasanifu wa mji mkuu mpya, Chandigarh, kwa kuwa Lahore, mji mkuu wa zamani, ilibaki Pakistan baada ya India kugawanywa mwaka 1947. Fry na Drew ndio waliopendekeza aitwe msanifu Le Corbusier. Wao wenyewe, pamoja na msanifu mwingine, Pierre Jeanneret, walikubali kwenda kuishi huko kwa mkataba wa miaka mitatu. Le Corbusier alibaki na ramani kuu na majengo makubwa ya serikali. Nyumba za watu, shule na maduka vikawa vya hao watatu na wasanifu vijana wa Kihindi.

Hali ya hewa pale ni nyingine kabisa. Kiangazi ni kikavu na joto hupita nyuzi 40, kisha huja masika ya mvua nyingi, kisha baridi. Kukimbilia upepo peke yake hakutoshi, kwani upepo wa kiangazi wenyewe ni moto. Kuta zikawa nene zaidi na madirisha madogo. Kifaa kikawa tofali la kuchoma, kwa sababu saruji na chuma vilikuwa ghali. Yale matundu ya Ibadan yakazaliwa upya kwa matofali yaliyopangwa kwa kuachiana nafasi, jambo ambalo mafundi wa India walilijua tangu zamani.

Nyumba za watumishi wa serikali zilipangwa kwa madaraja, kutoka kwa waziri hadi kwa tarishi. Nyumba ya tarishi ilipewa vyumba viwili, veranda, jiko, mahali pa kuogea, choo cha maji na ua wenye ukuta. Hapa ndipo kazi ya wanandoa hawa ilipofika kilele, kupita hata ile maktaba, kwa kuwa ilikuwa mara ya nadra mtumishi wa chini kabisa kuhesabiwa anastahili maji ya bomba na faragha. Drew alipanga Sekta ya 22, mojawapo ya sekta za kwanza kujengwa. Sekta ya kawaida ina mita 800 kwa 1,200 na magari makubwa hupita pembeni yake. Ndani mna shule, soko na uwanja wa majani, vyote vya kufikiwa kwa miguu. Nyumba ndogo zilikusanywa kuzunguka eneo la wazi la pamoja. Kanuni ya dirisha, kwamba kila chumba kipate pa kupumulia, ilikuwa sasa kanuni ya mtaa.

Njia yao ilikuwa na upungufu. Iliisoma Afrika zaidi kama joto na unyevu, na kidogo sana kama watu wenye miji, mila na mafundi wao. Tema, Ghana, walipopanga kijiji kipya cha wavuvi ili kupisha bandari katika miaka ya 1950, walizipa nyumba ua wa ukoo, lakini wenyeji walipinga kwa miaka kuacha mahali pa wazee wao, na hilo halikuwa suala la ramani hata kidogo.

Mwaka 1954 wakati wao Chandigarh ulikwisha. Jeanneret alibaki hadi 1965. Mwaka huohuo wa 1954 Architectural Association ilianzisha idara ya usanifu wa nchi za joto, na Fry akawa mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1956 walitoa kitabu kingine, kilichohusu nchi zenye joto na unyevu peke yake. Toleo lake la 1964 liliongeza nchi kavu, ambazo walikuwa wamezijua kwa kuishi Punjab.