LINQ na Jibu Ambalo Bado Halijahesabiwa

Where ya LINQ, zana ya C# ya kuandika maulizo ya data, hairudishi jibu, inarudisha ahadi ya jibu. Hilo peke yake si kosa. Kosa ni kuivika ahadi hiyo aina ileile, IEnumerable<T>, inayovaliwa pia na List<T> iliyokwisha kujaa data. Uamuzi huo ulitoka na C# 3.0 mwezi Novemba 2007. Nausema mapema ili tusizungushane: ulikuwa uamuzi mbaya, na waliouamua walikuwa na kila sababu ya kujua hivyo.

Tazama mistari hii mitatu. Ankara ni class ya kawaida, na mistari ni orodha yenye rekodi 500.

var ankara = mistari.Select(m => new Ankara(m));
foreach (var a in ankara) a.Imelipwa = true;
Console.WriteLine(ankara.Count(a => a.Imelipwa));

Inachapisha 0. Select haikugusa rekodi hata moja, ilihifadhi tu orodha na lamda. Foreach ilipoanza iliita GetEnumerator, na kila MoveNext ikazaa Ankara mpya. Ukaitia alama ya kulipwa, mzunguko ukasonga mbele, na Ankara ile ikabaki bila mwenyewe, ikisubiri kufagiliwa kwenye kumbukumbu. Kisha Count nayo ikaanza safari yake kutoka mwanzo na kuzaa ankara 500 nyingine, zote hazijalipwa. Ongeza .ToList() mwishoni mwa mstari wa kwanza, jibu linakuwa 500. Kompaila haikutoa onyo, programu haikuanguka, na anayesoma mstari wa pili na wa tatu hana alama yoyote ya kumwambia kwamba jina ankara limezalisha vitu tofauti kila lilipotajwa.

Tena hapo kweri, yaani ulizo lenyewe la LINQ, iko mistari miwili tu juu, mbele ya macho yako. Iweke ndani ya class nyingine, nyuma ya amri inayorudisha IEnumerable<Ankara>, kama desturi ya siku zile ilivyotuhimiza. Anayeiita hawezi kujua kama amepewa kabati lenye vitu au kazi ambayo haijafanyika. Akizungushia try na catch mahali kweri ilipotungwa, kosa lililo ndani ya lamda litalipukia kwingine kabisa, pale mtu wa kwanza atakapoipitia. Ikiwa kweri inasoma faili lililofunguliwa kwa using, faili litakuwa limefungwa kabla ya kusomwa. Na akiandika wote.Where(x => halali.Contains(x.Namba)), huku halali yenyewe ikiwa kweri iliyoahirishwa, Contains itaipitia halali upya kwa kila x. Rekodi 10,000 upande huu na 10,000 upande ule, zisizolingana, ni ulinganishaji milioni 100, na kila mara lamda za ndani zinaitwa tena. Jina halali linaonekana kama seti, lakini linafanya kazi kama kitanzi ndani ya kitanzi.

Wakongwe walikwisha kupita njia hii. Algol 60 ilikuwa na upitishaji wa hoja kwa jina: kila hoja ilipotajwa ndani ya utaratibu, hesabu yake ilifanywa upya. Niklaus Wirth aliuacha mtindo huo alipobuni Pascal, na alifanya vyema. Mwaka 1971, katika tasnifu yake ya Oxford, Christopher Wadsworth alionyesha namna ya kuahirisha hesabu, kuifanya mara moja tu inapohitajika, na kulitunza jibu. Mwaka 1976 Henderson na Morris, na kwa upande wao Friedman na Wise, waliufanya uvivu huo wa kuahirisha kuwa jambo la kutekelezeka. Lugha ya Miranda ikaurithi, kisha Haskell. Katika Haskell kipengele cha orodha kikishahesabiwa kinabaki kimehesabiwa kwa kila anayeishika orodha ileile, na kwa kuwa lugha ni safi, isiyobadilisha vitu kichinichini, wakati wa kuhesabu hauwezi kugeuza jibu. Nguzo ni mbili, usafi na kumbukumbu ya jibu, na zote mbili zinahitajika.

LINQ ilichukua uahirishaji ikaziacha nguzo zote mbili. Ndiyo maana nasema walijua. Erik Meijer, mmoja wa waliobuni LINQ, alitoka moja kwa moja kwenye dunia ya Haskell. Anders Hejlsberg, mbunifu mkuu wa C#, alijijengea jina mwaka 1983 kwa Turbo Pascal, lugha ambayo aina ya kitu hukuambia kweli kuhusu kitu hicho. Kwa watu wa kimo hiki, kutuletea tena upitishaji kwa jina, ndani ya lugha ambayo kila kitu kinaweza kubadilishwa wakati wowote, ni jambo ambalo bado linanikera.

Watetezi husema kutunza majibu kunakula kumbukumbu, na kwamba faili la mamilioni ya mistari lazima lipite kipande kwa kipande. Kweli kabisa. Basi lipeni jambo hilo aina yake! Java ilipoleta Stream mwaka 2014 iliitenga na List, na ukijaribu kuitumia mara ya pili inakurushia IllegalStateException papo hapo. F# ina Seq.cache kwa anayetaka majibu yatunzwe, na List.map yake hufanya kazi pale pale. Python ina mabano ya mraba kwa orodha iliyojengwa na mabano ya duara kwa jenereta, ingawa jenereta iliyokwisha kupitiwa hukaa kimya ukiipitia tena, na kimya hicho nacho sikipendi.

Kisha kuna lile la foreach, ambalo sijalisahau. Kabla ya C# 5.0, kitanzi kizima kilitumia kibadilika kimoja. Ukiongeza Where kwa kila neno la utafutaji ndani ya kitanzi, vichujio vyote viliishia kutumia neno la mwisho, kwa sababu vilihesabiwa kitanzi kikiwa kimekwisha. Mwaka 2012 walikubali kuvunja tabia ya zamani ili kulirekebisha, na walistahili pongezi. Lakini walitibu dalili. Mtego ule uliuma sana kwa sababu kweri ilikuwa inangoja bila kuonekana kwamba inangoja.

Na sarufi ya from, where, select nayo nimeilalamikia tangu zamani. Inafanana na SQL kiasi cha kumfanya kijana aamini nyuma yake kuna mpangaji wa kazi kama yule aliyeelezwa na Pat Selinger wa IBM mwaka 1979, anayelinganisha gharama za njia na kuchagua iliyo nafuu. Kwenye data iliyo ndani ya kumbukumbu hayupo. Ukitanguliza orderby kabla ya where, orodha nzima inapangwa kwanza ndipo inachujwa, na First yenye sharti hutembea kipengele kwa kipengele bila faharasa yoyote.

Hata hivyo, kazi nzuri ipo ndani ya LINQ: Join hujenga jedwali la utafutaji kwa upande wa ndani badala ya kuzunguka kitanzi ndani ya kitanzi, na Count isiyo na sharti huuliza ukubwa wa orodha bila kuipitia.

Mwaka 2022, .NET 7 ilileta kanuni ya ukaguzi CA1851, inayoonya pale IEnumerable inapoelekea kupitiwa zaidi ya mara moja. Miaka 15 baadaye, na haifanyi kazi mpaka uiwashe mwenyewe. Kanuni hiyo inakisia kile ambacho aina ingesema waziwazi. Na haiwezekani kudai kwamba muda umepita, maana mwaka 2019 C# 8.0 ilitenganisha rejeo linaloweza kuwa null na lisiloweza, juu ya msimbo wa miaka mingi, kwa maonyo na kwa hiari ya mradi. Njia ileile ingetenganisha mfuatano uliokwisha kuhesabiwa na ule unaongoja. Hadi watakapofanya hivyo, msimbo ninaoukagua haupiti ikiwa amri ya wazi inarudisha IEnumerable<T> kwa data ambayo tayari ipo. Mwandishi wake aandike IReadOnlyList<T>, ambayo imekuwepo tangu .NET 4.5, na ToList iitwe ndani, kabla jibu halijatoka nje ya class.