Nambari na Jina: Marejeo ya Mstari katika Maandishi ya Org

Mhakiki anayedai kwamba ubeti fulani wa utenzi unathibitisha hoja yake hana budi kumwonyesha msomaji ubeti wenyewe. Desturi ni kutaja nambari. Lakini nambari ni mali ya chapa, si mali ya ubeti. Nakala za Al-Inkishafi, kwa mfano, hazilingani kwa idadi ya beti. Nambari iliyo sahihi katika moja yaweza kumpotosha msomaji wa nyingine.

Tatizo hilo limewakabili pia watungaji wa programu za kompyuta, hasa wale wanaochanganya msimbo na maelezo ya nathari. Donald Knuth, katika makala yake ya mwaka 1984, alishauri programu itungwe kama maandishi ya kusomwa na binadamu. Wazo hilo lina nafasi katika Org, mfumo ulioanzishwa na Carsten Dominik mwaka 2003 ndani ya Emacs. Faili la Org ni herufi na alama za kawaida tu. Mwandishi hutia lebo mwishoni mwa mstari wa msimbo, kama vile (ref:jumla), kisha katika maelezo huandika [[(jumla)]]. Msomaji akifuata kiungo hicho hufikishwa kwenye mstari uo huo, hata ikiwa mistari kumi imeongezwa juu yake. Wakati wa kuchapisha, lebo zaweza kuondolewa na nambari zikashika mahali pake. Kwa hiyo nambari huhesabiwa mwisho, matini yakiisha kutulia.

Hekima ya utaratibu huu si ngeni kwa fasihi ya Kiswahili. Zipo tungo za kale ambazo beti zake zilipangwa kwa kufuata herufi za Kiarabu. Ubeti wa namna hiyo hubeba alama yake wenyewe. Mnakili akiuruka, pengo hujifichua.

Hata hivyo, lebo ina kasoro mbili. Kwanza, ni mgeni ndani ya msimbo: si sehemu ya lugha ya programu, hivyo yabidi iondolewe au ifichwe katika maelezo kabla ya kompyuta kuusoma. Pili, na hili ni zito zaidi, jina hulinda mahali, halilindi maana. Mstari ukibadilishwa na lebo ikabaki, kiungo kitaendelea kufanya kazi, ilhali ushahidi umekwisha kutoweka. Msomaji ataletwa mlangoni, lakini mwenyeji amehama.

Kwa hiyo jina peke yake halitoshi, kama nambari peke yake isivyotosha. Rejeo timilifu lataja mambo mawili: mahali, kwa jina lisiloyumba, na toleo, ili ijulikane ni matini yapi yaliyosomwa. Mhariri wa tenzi atakayeupa kila ubeti jina la kudumu, na kuitaja nakala aliyoitumia, atawapunguzia wahakiki wajao mabishano mengi yasiyo ya lazima.