Suala la Matoleo katika Uhakiki wa Filamu za Kutisha: Mfano wa Dracula (1958)

Filamu ya Dracula, iliyoongozwa na Terence Fisher na kutolewa na kampuni ya Hammer ya Uingereza mwaka 1958, imehakikiwa mara nyingi kana kwamba ni matini moja iliyokamilika. Mtazamo huo una kasoro. Bodi ya udhibiti ya Uingereza iliipa filamu hiyo cheti cha watu wazima baada ya baadhi ya picha kuondolewa, na kwa zaidi ya nusu karne Waingereza walitazama kilichobakia. Mwaka 2011 picha zilizokatwa zilipatikana katika nakala iliyohifadhiwa Tokyo. Mwaka 2013 zilirejeshwa katika diski ya kutazamwa nyumbani, ambayo ilibeba pia urejeshi uliotangulia wa mwaka 2007. Je, mhakiki anapotoa hukumu yake, anahukumu toleo lipi? Mtafiti aliyewahi kulinganisha miswada ya utenzi mmoja hataliona swali hili kuwa geni.

Umuhimu wa suala hili unatokana na fani ya filamu yenyewe. Dracula wa Christopher Lee huzungumza mwanzoni tu, anapompokea Harker katika ngome yake. Baada ya hapo hatamki neno. Maana yote hubebwa na mwili: uso, macho na mikono. Kwa hiyo kukata picha ya mwili wake ni sawa na kufuta beti katika shairi.

Hata hivyo, si kila kilichorejeshwa kina uzito sawa. Katika chumba cha Mina, toleo jipya linamwonyesha Dracula akiusogelea uso wa mwanamke huyo taratibu kabla ya kuifikia shingo. Picha hiyo inathibitisha kwamba Mina hapingi. Lakini hadhira ilikwisha kulijua jambo hilo: asubuhi iliyotangulia, Mina alirejea nyumbani akiwa na tabasamu ambalo mumewe, Arthur, hakuweza kulifasiri. Mdhibiti aliondoa mguso akaliacha tabasamu, na tabasamu ndilo lililosema zaidi. Hapa udhibiti haukuidhoofisha kazi ya Fisher.

Hali ni tofauti katika tamati. Van Helsing, anayeigizwa na Peter Cushing, anaruka na kulirarua pazia, kisha anaunda msalaba kwa vinara viwili na kumsukuma adui yake kwenye mwanga wa jua. Katika toleo lililokatwa, Dracula anageuka vumbi hatua kwa hatua, kama kitu kinachoharibika chenyewe. Katika toleo lililorejeshwa, anaichuna nyama ya uso wake kwa mkono wake mwenyewe. Mkono huo unaibua ulinganifu ambao haukuonekana hapo awali. Kiganja cha Mina kilikuwa kimeunguzwa na msalaba, na Dracula anapoangamia kovu hilo linafutika. Mkono mmoja unapona huku mwingine ukimwangamiza mwenyewe, na kinachosalia sakafuni ni pete, pambo la mkono usiokuwapo. Bila picha zile chache, tamati ni ushindi mtupu wa wema dhidi ya uovu. Zikiwapo, ushindi huo unaingiwa na mateso ya anayeshindwa.

Yamkini itadaiwa kwamba kutazama nyumbani, ambako mtazamaji anaweza kusimamisha picha na kuirudia, kunaondoa hofu iliyokusudiwa kwa ukumbi wenye giza. Dai hilo lina ukweli, kwani hofu hutegemea mfululizo usiokatizwa. Lakini hofu inapopungua, muundo hujitokeza, na ulinganifu wa mikono miwili ni jambo ambalo mtazamaji wa mara moja angelipita kwa urahisi.

Ni dhahiri, basi, kwamba mhakiki wa filamu hizi anawajibika kutaja toleo analolitumia kabla ya kutoa hukumu. Anayemsifu Fisher kwa kujizuia pale Dracula anapoangamia huenda, bila kujua, anausifu mkasi wa mdhibiti.