Msajiliwa na Mwandikishwa: Istilahi za Uuguzi na Vyeti Vyake

Istilahi hupimwa kwa kazi inayoifanya mbele ya watu, wala si kwa uzuri wake katika orodha. Makala hii inakusudia kuzipima istilahi zinazotaja wauguzi na elimu yao, kwa mifano ya Tanga na pwani yake, na kuonyesha mahali ambapo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wanaweza kupotoka pasipo kujua.

Neno muuguzi lenyewe halina lawama kubwa. Limetokana na ugua kwa njia ya uguza, na kitenzi hicho kinaeleweka kwa kila mtu wa pwani, kwa kuwa mama humuuguza mwanawe na mtu huuguza jeraha lake. Lakini wepesi huo una gharama: katika wodi ya Hospitali ya Bombo, jamaa anayekesha na mgonjwa naye anauguza. Ndiyo sababu wananchi wengi humwita mwenye sare nesi, na kitenzi kuuguza wakamwachia jamaa. Mkunga nalo ni neno la kale, ingawa mvuvi wa Pangani atamkumbuka pia samaki mwenye jina hilo. Maneno haya yanasimama yenyewe. Taabu huanza yanapoongezewa sifa.

Uingereza ilianzisha daftari la wauguzi mwaka 1919, kisha kwa sheria ya mwaka 1943 ikaongeza orodha ya pili, ya wauguzi wasaidizi. Mgawanyo wa namna hiyo ulirithiwa nchini kwetu. Mhitimu wa stashahada, aliyesoma miaka 3, huitwa muuguzi msajiliwa. Mhitimu wa astashahada, aliyesoma miaka 2, huitwa muuguzi mwandikishwa. Tofauti hiyo si ya heshima tu, bali ni ya madaraka, dhamana na mshahara.

Sasa na tuulize: je, Kiswahili kinaibeba tofauti hiyo? Twaona hakiibebi. Kusajili ni neno lenye asili ya Kiarabu na kuandikisha ni la Kibantu, lakini katika matumizi maana zao zimekaribiana mno. Mtoto huandikishwa shule, mpiga kura huandikishwa kituoni, mchezaji husajiliwa na timu, kizazi husajiliwa ofisini. Hakuna msikilizaji atakayehisi kwamba mmoja wao yuko juu ya mwingine. Sheria imetundika ngazi mbili juu ya visawe viwili.

Vyeo vya utumishi navyo vimeongeza ukungu. Mwenye shahada ni Afisa Muuguzi, mwenye stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, na mwenye astashahada ni Muuguzi. Hivyo neno moja, muuguzi, ni jina la taaluma nzima na papo hapo ni jina la ngazi yake ya chini. Anayeambiwa kwamba zahanati ya kijiji chake imepata muuguzi hawezi kujua ameletewa nani.

Majina ya vyeti nayo hayakosi dosari. Shahada, stashahada na astashahada yametofautishwa kwa silabi za mwanzo tu, na ajabu yake ni kwamba kadiri elimu inavyoshuka, ndivyo neno linavyorefuka. Katika maandishi yanavumilika. Yakisomwa kwa sauti mkutanoni, sikio huyachanganya. Mzazi wa Mkinga au Muheza anayeuza nazi zake ili kumlipia binti ada anastahili kujua, kabla ya kulipa, iwapo chuo kitamtoa binti yake akiwa msajiliwa au mwandikishwa.

Mtihani mkubwa zaidi ni cheti cha kigeni. Nchini Marekani, kufuatia mapendekezo ya Mildred Montag ya mwaka 1951 na majaribio yaliyoanza mwaka 1952, vyuo vya jamii hutoa mafunzo ya uuguzi ya takriban miaka 2. Mhitimu wake hufanya mtihani ule ule wa leseni anaoufanya mwenye shahada kamili, na akifaulu huwa muuguzi msajiliwa. Mfasiri akifuata kamusi neno kwa neno ataandika "shahada ya ushirika", na msomaji atadhani mtu huyo amesomea vyama vya ushirika kule Moshi. Akiandika "shahada ya awali", amempandisha hadi kwa mwenye shahada ya kwanza. Akihesabu miaka, atamshusha hadi kwenye astashahada, na kumfanya mwandikishwa mtu ambaye kwao ni msajiliwa. Njia zote tatu zinapotosha, kwa kuwa zinafasiri jina na kukiacha kitu chenyewe.

Maoni yetu ni kwamba cheti hicho kiitwe stashahada ya uuguzi ya chuo cha jamii, na muda wa masomo na nchi vitajwe. Kulinganisha vyeti ni kazi ya mabaraza yenye mamlaka. Kazi ya mfasiri ni kuyapa maelezo yasiyo na hila. Kwa upande wa wauguzi wetu, istilahi msajiliwa na mwandikishwa zisiachwe zitembee peke yake katika tangazo lolote. Zifuatane na elimu: muuguzi msajiliwa mwenye stashahada, muuguzi mwandikishwa mwenye astashahada. Urefu huo ni mzigo, lakini ni mwepesi kuliko kosa.

Kwamba Kiswahili kinaweza kufanya vizuri zaidi, ushahidi upo Muheza. Hospitali ya shirika la dini iliyoteuliwa kufanya kazi ya hospitali ya wilaya iliitwa hospitali teule, na wenyeji wakalipenda neno hata likawa jina: watu husema wanakwenda Teule. Neno hilo ni fupi, linatokana na kitenzi kinachojulikana, na linasema jambo moja tu. Waundaji wa istilahi za uuguzi wangefaa kujipima kwa kipimo hicho.