Pombe ya ukweni: Kitereza alivyojenga riwaya ya mapenzi ya kijijini

Riwaya za mapenzi ya upole, zile zinazotokea kwenye mji mdogo ambako kila mtu anamjua mwenzake, zina wasomaji wengi duniani. Virgin River ya Mmarekani Robyn Carr ilianza kutoka mwaka 2007, na mwaka 2019 ikaingia kwenye runinga kupitia Netflix. Kabla yake, mwaka 1998, Alexander McCall Smith alitupa Mma Ramotswe wa Gaborone, mpelelezi ambaye uchumba wake na fundi magari, Bwana J.L.B. Matekoni, unakwenda taratibu, chai ikinywewa na heshima ikitunzwa. Wengi wakiulizwa vitabu hivi vinapendwa kwa nini hutaja mandhari: kijiji kizuri, majirani wema, kelele za dunia zikiwa mbali. Jibu hilo halinitoshi. Vijiji vizuri vimejaa kwenye vitabu vibovu. Kinachompa msomaji joto ni kazi ambayo jamii inalazimishwa kuifanya kwa ajili ya wapendanao wawili, na hakuna mahali nimeiona kazi hiyo ikipangwa kwa ustadi kuliko katika riwaya iliyoandikwa kisiwani, ndani ya Ziwa Victoria letu hili.

Ninasema juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka Ntulanalwo na Bulihwali ya Aniceti Kitereza. Mwandishi alizaliwa mwaka 1896 Ukerewe, katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Watu wa Kagera wana sehemu yao katika habari hii, kwa kuwa ujana wake alisoma seminari ya Rubya, wilaya ya leo ya Muleba, wilaya ile ile yenye kisiwa cha Goziba. Huko alifundishwa Kilatini pamoja na lugha nyingine za Ulaya. Upadre hakuufikia. Alirudi Ukerewe, akaoa, na mwaka 1945 akamaliza riwaya yake kwa Kikerewe, lugha ambayo hakuna mchapishaji aliyekuwa tayari kuihangaikia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akitiwa moyo na watafiti Wamarekani Gerald na Charlotte Hartwig, aliigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, ikiwa imechapwa China. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla kitabu hakijamfikia mkononi.

Tuingie kwenye ufundi. Jambo la kwanza ni mahali anapoanzia. Mwandishi wa kawaida wa mapenzi angeanza na kijana na msichana wanaoonana kisimani, halafu angetumia kurasa mia tatu kuwafikisha harusini. Kitereza anawakuta wameshaoana na wanapendana. Shida yao ni kwamba hawana mtoto, na katika jamii ile, kama ilivyo hata sasa katika nyumba nyingi, jambo hilo haliachwi chumbani kwa wenyewe. Ndugu wa mume wanamsema mke vibaya. Wazazi wa Bugonoka wanapopata habari wanamchukua binti yao na kumrudisha nyumbani. Angalia alivyoliweka: hakuna mtu wa kuchukiwa. Ndugu wanadai uzao, wazazi wanalinda heshima ya mtoto wao, na kila upande una haki yake. Mapenzi yamevunjwa na watu wasio wabaya, kwa hiyo yanaweza kutengenezwa na watu hao hao. Mwandishi akiweka jitu ovu kijijini, itabidi alitoe kabla hadithi haijaisha, na kijiji kitabaki na pengo. Kitereza hana wa kumtoa, ana watu wa kupatanisha tu.

Halafu inakuja pombe. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mkewe, na huko anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Kwa haraka unaweza kuliona hili kama pambo la mila, kitu cha kumfurahisha mgeni. Mimi naliona ndilo injini ya sehemu yote ya kwanza ya kitabu, na msomaji wa Bukoba anayeijua rubisi, pombe ya ndizi, ana faida hapa kuliko msomaji wa Dar es Salaam. Anajua kwamba pombe hiyo haipatikani kwa kutoa hela mfukoni. Ndizi zikatwe zikiwa mbichi, ziivishwe kwa siku kadhaa, zimenywe, zikamuliwe kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao mpaka maji yake matamu yatoke, yachanganywe na nafaka iliyokaangwa na kusagwa, yafunikwe yachachuke. Mtu mmoja hawezi. Anahitaji migomba ya kutosha, mikono ya kukamua, vyombo vya kuazima, watu wa kubeba. Mtu asiyekaa vizuri na jirani zake hawezi kuilipa faini hiyo hata akiwa tajiri.

Kwa hukumu moja ya baba mkwe, mwandishi amepata mambo matatu. Amepata muda, kwa sababu pombe haiharakishwi, na msomaji anangoja pamoja na mume. Amepata kipimo cha upendo ambacho kila mtu anaweza kukiona kwa macho: vyombo vimejaa au havijajaa. Na ameiingiza jamii nzima ndani ya ndoa ya watu wawili bila kuandika hata aya moja ya hotuba juu ya umoja. Jirani anayekamua ndizi hajui sana habari za moyo wa Myombekere, lakini jasho lake limeingia ndani ya upatanisho. Hapo ndipo joto linapotoka. Myombekere anayetangaza mapenzi yake kwa maneno asingetugusa hivyo. Huyu anayehesabu mikungu anatugusa.

Nadhani waandishi wetu wa leo wanalipita jambo hili kwa haraka mno. Tumezoea kwamba mhusika akimpenda mtu atasema, ataandika ujumbe kwenye simu, atalia. Kitereza ni mchoyo wa maneno hayo. Upweke wa mume anauweka kwenye kazi za nyumba zilizokosa mwenyewe. Furaha ya mke anaiweka kwenye chakula anachomwandalia mgeni. Hata salamu, ambazo katika kitabu chake ni ndefu kiasi cha kumchosha msomaji mwenye haraka, zina kazi. Mkwe mbele ya baba mkwe hawezi kusema anachotaka. Lazima azunguke: aulize hali, aulizwe hali, akae pale anapostahili kukaa, angoje zamu yake. Wakati wote huo sisi tunajua amekuja kumtafuta nani, na tunajua Bugonoka yuko uani anasikia. Adabu imefanya kazi ambayo kwenye riwaya nyingine hufanywa na ukuta au bahari. Mtu aliyelelewa Uhayani au Ukerewe hahitaji kuelezwa uzito wa heshima ya ukweni, na mwandishi mwenyewe haelezi, anaiacha tu itende.

Mke anaporudi, hadithi ingeweza kwisha. Inaendelea, kwa kuwa tatizo la mwanzo liko pale pale. Wanakwenda kwa mganga, matibabu ni marefu na yana masharti, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mume na mke wanakuwa kitu kimoja katika kutii masharti hayo. Kunywa dawa kwa wakati wake kunasomeka kama tendo la mapenzi. Hatimaye anazaliwa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali, na kitabu kinaendelea na wote wanne kwa miaka mingi. Kitereza aliyajua mambo haya kwa karibu. Yeye na mkewe walizika watoto wao wakingali wadogo, naye hakumwacha mkewe. Simsomi kama mtu aliyekuwa akijiliwaza kwa ndoto. Namsoma kama mtu aliyeujua vizuri uzito wa faraja anayoiandika, ndiyo maana hakuitoa kwa bei rahisi.

Kisiwa hicho hicho kilitoa pia kinyume chake. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Kijiji ni kile kile kidogo, macho ya watu ni yale yale, lakini sasa macho hayo yanaua. Barua ya mvulana inaangukia mikononi mwa baba, binti yake Rosa anapigwa, na kuanzia hapo anayoyajua yote juu ya mapenzi anayajua kwa njia ya hofu. Kifundi, tofauti ya vitabu hivi viwili ni ndogo kuliko inavyoonekana. Kwa Kitereza, kosa lina faini. Lina njia ya kulipwa, na likishalipwa watu wanakunywa pamoja. Kwa Rosa hakuna faini wala njia ya kurudi, na mchumba anapomkataa hakuna baraza la kwenda kuomba. Anayetaka kuandika riwaya ya kijiji chenye huruma aisome Rosa Mistika kwanza, ajue anajaribu kuziba shimo gani.

Pwani nao walijaribu mapema. Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy, ya mwaka 1960, ilijitambulisha wazi kuwa inaeleza makazi ya kijiji cha Unguja, na ndani yake mapenzi na mila vinapewa nafasi sawa. Ni kitabu chepesi kuliko cha Kitereza. Mila yake mara nyingi inaelezwa pembeni ya kisa, wakati ya Kitereza inasukuma kisa chenyewe.

Sasa nirudi kwenye Goziba, kile kisiwa cha Muleba nilichokitaja mwanzoni. Nimekuwa nikijiuliza kama ufundi huu unaweza kuhamia huko, kisiwa cha wavuvi kilicho mbali ndani ya ziwa, ambako watu wengi wamefika wakifuata samaki na wengi wanaweza kuondoka samaki wakihama. Ukerewe ya Kitereza ni jamii ya koo, ambayo babu zake wamezikwa hapo hapo. Huko mwaloni, kambini, jirani yako anaweza kuwa Mhaya, Msukuma, Mjita au Mkara, na baba mkwe wako yuko bara, hakuoni. Nani atakutoza faini?

Nadhani jibu limo kwenye kazi yenyewe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, sasa hivi nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti dagaa, mitumbwi inakaa nchi kavu na kisiwa kizima kinapata siku za kupumzika. Hiyo ni kalenda ya riwaya iliyokwisha kuandaliwa: siku za giza ni za kazi na hatari, na za mwezi ni za kushona nyavu, kulipa madeni, kufua, kuposa. Wapendanao wanaotenganishwa na giza na kukutanishwa na mwezi hawahitaji ajali ya kubuni ili tuwahofie, maana upepo wa ziwa unatosha. Na palipokosekana baraza la ukoo, kuna daftari la mama ntilie na la mwenye duka, kuna mgawo wa mtumbwi ambao kila mmoja anajua mwenzake amepata nini, kuna wanawake wanaoanika dagaa pamoja na kukimbia pamoja kuwaondoa mvua ikitishia. Mvuvi anayetaka kumwoa mmoja wao atapimwa na hao. Deni lililolipwa mbele ya watu, au dagaa wa mgonjwa walioanuliwa na wenzake, vinaweza kufanya kazi ya pombe ya ndizi.

Ila mwandishi wa Goziba asikimbie lililo gumu. Katika kambi nyingi za Ziwa Victoria, mwanamke anayenunua samaki amewekwa mahali ambapo mwenye mtumbwi anaweza kudai mwili wake kabla ya kumuuzia, na upande wa Kenya desturi hiyo inajulikana kwa jina la jaboya. Virusi vya Ukimwi vimeziumiza jamii hizi kuliko nyingi za bara. Riwaya ya upole itakayoyanyamazia haya itakuwa ya uongo, na wasomaji wa mwaloni ndio watakaoutambua uongo huo mapema. Kitereza aliweka jeraha kubwa kuliko yote ya jamii yake, utasa, kwenye kurasa za mwanzo, kisha akauliza upendo unafanya nini baada ya hapo. Goziba swali lake ni la kuaminiana: mwanamke anayenunua samaki kwa bei ya haki na mwanamume anayemuuzia bila kudai zaidi, na wenzao wanaolinda mpango huo usivunjwe. Upole ukisimama juu ya swali hilo, nitauamini.

Limebaki suala la urefu. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, alipoitafsiri kazi hii kwa Kiingereza, tafsiri iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002, hakuifupisha. Nafurahi kwamba hakufanya hivyo. Mhariri wa leo angeona kitabu kinajirudia, salamu nyingi, mapishi mengi, na angetaka kiishie pale mtoto wa kwanza anapozaliwa. Kingekuwa kitabu kizuri cha mapenzi. Lakini tungekosa kuwaona Myombekere na Bugonoka wakizoeana kama wazazi, wakigombana kwa mambo madogo, wakizeeka, na jirani wale wale waliokamua ndizi wakiendelea kuingia na kutoka uani kwao, safari hii wakiwa na watoto wao wenyewe wa kuoza.